Nimejibu Maswali Yako Mengi Mno

Felista mwanangu,

Umeenda Tlawi kumuaga bibi yako, na mimi nimepata nafasi ya kuandika kabla hujarudi. Nikikungoja urudi nitaanza kuongea, na nikianza unajua mwenyewe. Utasema "sawa mama", utachukua ndoo, na mambo yataishia hapo. Kalamu nimeiazima kwa baba yako. Amecheka, anasema tangu anioe hajawahi kuniona nimetulia namna hii mchana kweupe. Nimemwambia sijatulia, naongea na karatasi.

Mwandiko utanisamehe. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza vizuri, kwa hiyo herufi zangu zinakwenda kama mbuzi wanaoshuka bondeni, kila mmoja na njia yake. Soma polepole utanipata.

Mambo ya sweta, ya mafuta ya kujipaka, ya kuchagua mtu wa kupanga naye chumba, shangazi yako ameshakuambia yote, mengine kakuambia mara mbili. Mimi sirudii. Mimi nataka tuzungumze habari ya make, lile neno lako la Kiingereza.

Usicheke. Ulipobandika ile karatasi ukutani jikoni, pale juu ya kopo la chumvi, ulifikiri mama hasomi. Nasoma kila nikisonga ugali. Hata macho nikifumba naiona. Make the bed, kutandika kitanda. Make tea, kupika chai. Make a noise, kupiga kelele. Make friends, kupata marafiki. Make a promise, kuahidi. Make a mistake, kukosea. Make peace, kupatana. Halafu chini yake ukachora mstari, ukaandika yale mengine ya do, ya kufua na kufagia. Ulikuwa unayasoma kwa sauti ndogo alfajiri ukikamua, mpaka yule ng'ombe mweusi nadhani angeweza kuajiriwa hotelini.

Siku moja nikakuuliza, sasa mbona kitanda ni make na kufua ni do, vyote si kazi ya mikono? Ukaniambia, "Ndivyo wanavyosema, mama. Neno lina wenzake limezoea kwenda nao." Nikanuna kidogo. Nikasema moyoni, mtoto kasoma mpaka kidato cha nne halafu ananijibu kama mtu anayefukuza kuku. Lakini nilipokuwa nachambua mboga nikakumbuka kwamba jibu hilo hilo niliwahi kupewa mimi, Katesh, nikiwa mdogo kuliko wewe.

Nilikwenda Katesh kufanya kazi za ndani kwa Bi Zuhura. Yeye na mume wake walikuwa na duka la sukari na vitambaa, watu wa dini ya Kiislamu, wakarimu sana, baba yake alitokea Kondoa. Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kununulia chumvi. Nyumbani tulikuwa tunaongea Kiiraqw asubuhi mpaka jioni, na hata mwalimu akikasirika alikuwa anatukana kwa Kiiraqw. Basi Bi Zuhura akaniambia nipige deki. Nikasimama na ndoo, sijui pa kuanzia. Kesho yake nikaambiwa nipige pasi. Halafu nikapige hodi kwa jirani niombe kiberiti. Nikasema hawa watu mbona wanapiga kila kitu, kwetu tunapiga maharage na ng'ombe mkorofi, basi.

Nilichanganya sana. Nilikuwa nasema nimefanya hodi lakini hakuna mtu. Nasema watoto wanatengeneza kelele. Wale watoto wa pale nyumbani walikuwa wanaanguka chini kwa kucheka, na mkubwa wao alikuwa ananitega makusudi, ananituma kwa jirani ili tu nirudi niseme nimefanya hodi. Na mimi nacheka nao. Ningefanyaje? Nikinyamaza chumvi hainunuliki. Siku moja nikamuuliza Bi Zuhura, hii deki kwa nini inapigwa, haiwezi kufanywa tu kama kazi nyingine? Akaacha kupima sukari, akaniangalia.

"We mtoto," akasema, "mimi nimeyakuta maneno yameshaoana. Harusini kwao sikuwepo."

Basi nikaacha kuuliza. Nikawa nasema tu. Nakosea, nacheka, nasema tena. Mvua zilipokuja nilikuwa tayari nagombana na muuza nyama, na mvua zilipoisha muuza nyama alikuwa ananikimbia. Kiswahili changu hiki unachokisikia, ambacho watu wa hapa kwetu Daudi nzima wanasema hakina breki, nilikiokota hivyo, kipande kipande, kwenye vicheko vya watu.

Kwa hiyo uliporudi kutoka Karatu ukiwa umevimba macho, mimi sikuelewa kwa nini unalia. Ulinieleza mara moja tu, na mimi nitaieleza tena hapa ili nione kama niliisikia vizuri safari hii. Ulikuwa kwenye majaribio pale hotelini, upande wa vyumba. Mgeni mmoja, mama wa Kizungu mwenye mvi, akakukuta kwenye korido, akakuuliza jambo kwa upole. Ukasimama. Akauliza tena. Ukaendelea kusimama. Halafu ukasema utakwenda kufanya kitanda, ukalitumia lile do, na wenzako waliokuwa nyuma na mashuka wakapasuka. Kuanzia siku hiyo wakakuita Du Bedi. Unaingia kula, wanasema Du Bedi kafika, mpisheni. Yule msimamizi wa vyumba hakucheka, na namshukuru. Alikuambia nenda nyumbani, maharage yakishavunwa urudi, kama utaweza kuongea na mgeni nafasi yako ipo, kama huwezi nitampa mwingine, sitaweza kuishikilia zaidi.

Hiyo ndiyo nafasi ya kesho. Sina haja ya kukuambia haitakuja nyingine kama hiyo, unajua kuliko mimi.

Sasa tuje kwenye kosa langu, ambalo wewe unadhani ni kule kutangaza. Ni kweli nilitangaza. Nilimwambia Mama Gwandu peke yake. Haya, Mama Gwandu na yule dada anayeuza nyanya. Na wanakwaya, lakini si wote, sauti ya kwanza tu. Jumapili iliyofuata watoto wa barabarani wanakuita Du Bedi huku Daudi, na wewe ulifikiri jina hilo umeliacha Karatu. Ulikuja nyuma ya nyumba nilipokuwa naanika nguo. Hukupiga kelele. Ulisema, "Mama, hata aibu yangu umeichukua wewe."

Ukaondoka. Mimi nikabaki na kanga mkononi, najitetea kwa kamba ya nguo. Nilikuwa nasema, sasa kuna ubaya gani, mimi nilichekwa Katesh nzima, kwani nimekufa? Niliona umekasirika kwa sababu watu wamejua. Sikuelewa ulichosema. Nilikuja kukielewa siku ya maharage.

Unaikumbuka ile siku lakini hujui ilikuwaje upande wangu. Wanawake walikuja tupige maharage kama tunavyofanya kila mwaka, leo kwangu kesho kwa mwingine, turubai limetandikwa uwanjani, kila mtu na fimbo yake, chungu cha makande kipo motoni. Wewe ulikaa pembeni unapepeta, hutaki kuniangalia. Mama Gwandu akashika kiuno. Akasema ameshasikia habari ya hilo neno lenye wenzake wengi, na leo tutalipiga pamoja na maharage. Wewe, akasema, utaongoza.

Ukakataa. Ukasema hujui kuongoza. Akakuuliza kama hujawahi kusikia slufai. Nani hapa hajasikia? Wazee wakimaliza kikao mmoja anasimama, anaomba baraka moja moja, mvua, watoto, maziwa, na wote waliokaa wanaitikia kwa pamoja. Wewe na mimi maisha yetu yote tumekuwa upande wa kuitikia, na hata hapo tunaitikia kwa mbali, tukichungulia. Mama Gwandu akasema wanaume wametuachia maharage, basi na slufai ya maharage ni yetu. Felista ataleta yule mwenza, sisi tutaitikia make na fimbo zianguke mara moja. Akiishiwa, fimbo zinasimama. Halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe Mama Felista, leo ni mwitikiaji. Ukiongoza nakuchapa hii."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, lakini sikupenda.

Ukaanza kwa sauti ya mtu anayeongea na shimo. The bed. Sisi, make, fimbo chini. Tea. Make. Vumbi likainuka. Noise, make, na hapo walifurahi sana kwa sababu ulikuwa umeshatuambia maana yake ni kelele na kweli tulikuwa tunazipiga. Friends. Make. Wanawake wakaanza kuyumba kama kanisani. Bibi yule wa bondeni asiye na meno alikuwa anasema meki, meki, hata zamu ikiwa si yake.

Halafu ukakwama. Fimbo zikabaki juu.

Felista, nilijua linalofuata. Lilikuwa promise. Nililiona palepale juu ya kopo la chumvi, mstari wa tano, na wewe nilikuona midomo inatafuta. Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa kitu Mama Gwandu alikuwa amenyoosha fimbo mbele ya pua yangu, na hakuwa anacheka. Nikafunga mdomo. Uwanja ukawa kimya, unasikia chungu kinachemka. Na katika kimya kile nilikuangalia usoni, nikaona kitu ambacho kimenikosesha raha mpaka leo. Ulikuwa huangalii juu wala chini kama mtu anayetafuta neno. Ulikuwa unaniangalia mimi. Unangoja.

Ndivyo ulivyongoja mbele ya yule mgeni kwenye korido. Sikuwepo, lakini najua. Alikuuliza, ukasimama, ukangoja mtu akujibie. Na aliyekufundisha hivyo ni mimi.

Nimerudi nyuma nikahesabu, nikaona aibu. Nesi alikuuliza unaumwa wapi, wewe umeshakuwa msichana mkubwa, nikamjibu mimi, tena nikaonyesha kwenye tumbo langu. Mwalimu alikuita akuulize kwa nini umechelewa, nikapita dirishani nikajibu kutoka nje. Dukani unaulizwa unataka daftari la namna gani, mimi hapo. Siku ya kipaimara paroko aliuliza, mwanangu, umechagua jina gani, na kanisa zima likasikia sauti kutoka viti vya nyuma, na sauti hiyo ni ya nani? Watu wanaisimulia hadithi hiyo mpaka leo, na mimi ndiye ninayeisimulia zaidi, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Sijawahi kujiuliza wewe ulikuwa umechagua jina gani. Labda halikuwa lile.

Sikufanya hivyo kwa ubaya. Mimi nilitoka kwenye nyumba ambayo mtoto wa kike akiongea anaambiwa nani kakuuliza. Nikaapa wangu hatakosa mtu wa kumsemea. Nikakusemea. Nikakusemea vizuri mno, mpaka ulimi wako ukawa kama ng'ombe anayeletewa majani, kwa nini atoke kwenda malishoni? Mimi Katesh nilipona kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunijibia. Mama yangu alikuwa mbali. Hilo sikuwahi kulifikiria. Nilikuwa najisifu ulimi wangu kana kwamba nilizaliwa nao, kumbe niliachwa peke yangu na neno likalazimika kutoka.

Na lile ulilosema kwenye kamba ya nguo nikalielewa hapo hapo, na fimbo ya Mama Gwandu iko puani. Jibu lako nilichukua, jina la kipaimara nilichukua, na ulipopata aibu yako mwenyewe, ya kwanza ya ukubwani, ambayo ungeweza kuigeuza kuwa kicheko kama mimi nilivyofanya, nikaichukua nikaenda kuisimulia kwa sauti yangu. Hukubakiwa na kitu cha kusimulia.

Lakini ngoja, kwa sababu siku ile haikuishia hapo. Ulipoona sijibu, uliacha kuniangalia. Ukainamia ungo wako. Halafu ukasema, a mistake. Kwa nguvu. Tukaitikia make mpaka maharage yakaruka nje ya turubai. Mama Gwandu akauliza hilo ni nini, ukasema ni kukosea, akasema hilo basi lirudiwe, hapa sote ni mafundi. Tukarudia. Ukacheka. Nilikuwa sijakuona ukicheka tangu urudi. Na kabla vumbi halijatulia ukaleta jingine, a living, na fimbo zikaanguka, na mimi nikabaki na yangu juu, kwa sababu hilo sikulijua. Halikuwa ukutani. Ulilitoa wapi sijui, mpaka ulipomweleza bibi wa bondeni kwamba ni kupata riziki, na baadaye nikaona umeliongeza kwenye karatasi. Ningekujibia siku ile lisingetoka. Mpaka leo lingekuwa ndani.

Kwa hiyo usiniambie hujui Kiingereza. Unakijua. Wenzake wa make unawajua kuliko hao wanaokuita Du Bedi, na wasipokuwa na jina jingine la kukuita, itika, halafu wewe mwenyewe wasimulie ilivyokuwa kwenye korido, na igiza ulivyosimama. Ukiisimulia wewe ni yako. Mgeni akikuuliza utachanganya tena, hakuna namna, na atakusubiri au atacheka, na wewe hutakufa. Mimi ni ushahidi. Ila ukisimama ukamtafuta mtu wa kujibu, Felista, nyuma yako hakutakuwa na mtu. Nimehakikisha.

Leo asubuhi nilikusikia zizini ukimwambia baba yako kwamba hujui kama utakwenda. Ulidhani niko bombani. Nilikuwa nyuma ya ukuta na ndoo, na maneno yalinijaa mdomoni mpaka mashavu yakauma. Nilikuwa na la kusema kuhusu msimamizi, kuhusu nauli, kuhusu bibi yako aliyeuza kuku ili ununue viatu vyeusi. Sikuingia. Muulize baba yako kama niliingia. Nilikwenda bombani, nikapita kwa Mama Gwandu, naye akaniuliza, eti Felista anaondoka kesho? Siku nyingine ningejibu kabla hajamaliza. Nilimwambia kamuulize mwenyewe. Alinigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Langu nitalisema, kwa sababu ni langu: nataka uende. Nataka sana. Nalala nalo, naamka nalo. Lakini hilo si jibu lako, na safari hii sitaliweka mdomoni mwako.

Ukiamua kwenda, gari la Karatu sitakwenda kukupakiza. Konda ananijua, nikifika pale nitamwambia akukalishe wapi, akushushe wapi, na wewe utasimama na begi unamsikiliza mama. Utalisimamisha mwenyewe. Baba yako atabeba sanduku tu, nimemwambia asifungue mdomo, na yeye hilo halimpi shida.

Barua hii atakupa ukirudi kutoka kwa bibi yako. Usije kunijibu usiku huu, tutalia halafu nitaongea. Mama Gwandu amesema atapita asubuhi kabla hajaenda shambani, atasimama mlangoni, atapiga hodi, na atakuuliza kama unaondoka au huondoki. Atakuuliza wewe. Mimi nitakuwa zizini, nimeinama nyuma ya yule ng'ombe mweusi, nakamua taratibu ili maziwa yasipige kelele kwenye ndoo. Sema kwa sauti nikusikie.

Ni mimi mama yako, na nimenyamaza.